Bibi na Pete Iliyolegea

Sogeeni hapa, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bibi mmoja wa mtaani Tanga na pete yake ya fedha.

Pete hiyo alivishwa siku ya ndoa, na kwa miaka mingi haikutoka kidoleni hata kwa sabuni. Kisha ikaanza kucheza. Akifua, inaponyoka na kuzama kwenye beseni. Wajukuu wanacheka na kuisaka povuni. Meno yake ya bandia nayo yakawa yanagongana akizungumza, gauni likimpwaya mabegani. Majirani wakasema, "Uzee huo." Naye akaitikia, "Uzee, mwanangu."

Sasa niambieni: mkisikia utapiamlo, mnamwona nani? Mtoto, bila shaka, na ule utepe wa rangi anaozungushiwa mkononi kliniki. Mzee hayumo kwenye picha hiyo. Basi bibi yetu akapungua mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyeshtuka.

Chakula kilikuwapo nyumbani. Ila uzeeni ladha na harufu hufifia, na dawa nyingine hukausha kinywa. Muhogo ulimshinda kutafuna, akabaki na chai ya rangi na mkate, asubuhi na jioni. Mchana, kipande chake cha samaki alimsogezea mjukuu. Tumbo likijaa, misuli ikiisha. Tena alikula peke yake tangu babu afariki, na mlo wa mtu mmoja hauna hamu. (Wala msidhani mzee mnene amesalimika, mafuta huweza kuficha misuli iliyokwisha.)

Wataalamu wana dodoso la maswali 18, Mini Nutritional Assessment, lililoanza kutumika miaka ya 1990. Alama zake ni 30. Mzee akipata chini ya 17, ana utapiamlo. Kuanzia 17 hadi 23 na nusu, yumo hatarini. Lipo swali moja ninalolipenda sana: mzee mwenyewe anajionaje? Akisema hana tatizo la lishe, anapata alama 2. Akiwa hana hakika, 1. Akisema ana utapiamlo, 0. Mmeuona mtego? Bibi yetu angejipatia alama mbili kwa kutojua kwake! Lakini swali jingine halisikilizi maneno: shavu la mguu linapimwa kwa futi, kama ya fundi cherehani, na likiwa chini ya sentimita 31, hapati kitu. Kwangu mimi, mdomo ukisema hivi na futi ikasema vile, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Bibi yetu naye alipopimwa, mazungumzo yalianzia hapo. Uji ukatiwa maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yakapondwa, na kila mchana mjukuu mmoja akaketi naye sinia moja, kwa sharti kwamba kipande cha samaki cha bibi kisihame.

Nanyi mkienda kwa bibi zenu, msiulize, "Umekula?" Atajibu, "Nimeshiba, alhamdulillahi," hata kama sufuria halijapanda jikoni. Ulizeni jana mchana alikula nini, na alikula na nani. Ulizeni pia: mzee kukonda ni kawaida? Akisema ndiyo, mwambieni mama ampeleke zahanati akapimwe uzito, na mwezi ujao apimwe tena, maana kwa kipimo kimoja tu hamtajua kama anapungua.