Lubumbashi–Kinshasa: masaa mawili hewani, siku nzima njiani

Mfanyakazi mmoja wa mugodi kule Kolwezi alitoka posti ya usiku, akasikia simu inalia. Ni mdogo wake wa Kinshasa: « Yaya, mama ametuacha. Tutazika kesho ku saa 13. » Akajibu: « Ndeke ni masaa mbili tu. Muningojee, nitafika. »

Hakufika. Na ndege haikuchelewa hata kidogo. Kilichomshinda ni hesabu. Basi, baba na mama, tuifanye hesabu hiyo pamoja, maana kilio hakitoi taarifa.

Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa, ukipima moja kwa moja hewani, ni karibu kilomita 1 550. Ndege kubwa inakimbia karibu kilomita 800 kwa saa, lakini haianzi na mwendo huo: inapanda polepole, na mbele ya kushuka inapunguza. Kwa hiyo safari ni masaa mawili na robo hivi, mara nyingine na nusu.

Kwa barabara ni mambo mengine. Njia inapinda kupitia Kasai, Tshikapa na Kikwit, inapita kilomita 2 000, na mvua ikinyesha hakuna anayeweza kukuambia siku ya kufika. Wazee wanakumbuka njia ya shaba: treni mpaka Ilebo, reli iliyofika kule mwaka 1928, kisha bato juu ya mto Kasai mpaka Kinshasa. Shaba ilikuwa na wakati wa kungoja. Mtu mwenye kilio hana.

Sasa saa. Lubumbashi na Kolwezi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiruka Luano saa 11, unashuka N'djili saa 13 na robo kwa saa yako ya mkono, lakini kule ni saa 12 na robo. Umepata saa moja ya bure. Wakati wa kurudi unairudisha: ukiruka Kinshasa saa 15, Lubumbashi utakuta saa 17 na robo imekwisha kupita, ni saa 18 na robo, usiku umeingia, na Kolwezi ingali karibu kilomita 300 mbele. Usimwahidi shefu wako posti ya usiku ule.

Mwenzetu alilala kwanza, akapanda motoka kesho yake alfajiri. Barabara ya Kolwezi ilimla asubuhi. Ndege aliyoipata iliondoka saa 11, ikashuka saa 12 na robo ya Kinshasa. Akashukuru Mungu. Lakini kungoja mizigo, kisha foleni ya motoka toka N'djili kuingia mjini, vilimeza ile saa ya bure na zaidi. Alipofika nyumbani, watu walikuwa wakinawa mikono, wametoka makaburini.

Mke wake alikuwa amemwambia jana yake: « Papa, enda leo leo, utalala Lubumbashi. »

Huyo ndiye aliyejua kupima safari. Masaa mawili ni ya ndege. Wewe hesabu toka mlango wa mugodi mpaka mlango wa nyumba ya kilio. Na ukipewa saa kwa simu, uliza kwanza: saa ya wapi?