Mnong'ono wa Nuru

Kericho chai huonjwa, rangi yake ikatazamwa. Maji hayahukumiwi hivyo: ya Mto Nyangores, Bomet, yakitulia mtungini huonekana safi, ilhali kirusi hakionekani hata kwa hadubini ya kawaida.

Katika kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, London, mnong'ono huambaa ukutani ukasikika upande wa pili. Nuru nayo huzunguka vivyo hivyo ndani ya tufe la kioo, dogo mno. Chembe ikigusa tufe, urefu wa wimbi la nuru hiyo hubadilika, ukapimika. Mwaka 2008 Frank Vollmer na Stephen Arnold walinasa hivyo kirusi kimoja kimoja cha influenza.

Mchota maji wa Bomet ataelezwaje? Napendekeza "kipima-mnong'ono". Wahandisi wakicheka, na walete lao.