Homu thieta na amplifaya ya ziada: namna ya kuviunganisha bila kuunguza spika

Katika vibanda vya video nchini Uganda, sauti ni nusu ya biashara. Filamu huonyeshwa huku mfasiri, anayejulikana kama VJ, akisimulia kwa Kiluganda juu ya maneno ya waigizaji, na mtazamaji wa benchi la mwisho hana budi kuvisikia vyote viwili. Tanzania ina vibanda vyake, maarufu kwa jina la vibanda umiza, na Kenya ina mabanda yanayoonyesha filamu na mechi za soka. Wenye vibanda hivyo, sawa na familia nyingi sebuleni, hufika mahali ambapo homu thieta haitoshi tena, na wazo la kwanza linalowajia ni kuongeza amplifaya.

Wazo hilo si baya. Hatari imo katika njia ya mkato: kuchukua nyaya za spika zinazotoka kwenye homu thieta na kuzichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya. Kosa hilo laweza kuua mashine zote mbili kwa dakika chache, na kumgharimu mwenye mali zaidi ya bei ya amplifaya aliyoinunua.

Mawimbi ya sauti ya aina mbili

Sauti hupita ndani ya vyombo hivi kama umeme wa viwango viwili tofauti. Cha kwanza ni kiwango kidogo, cha volti moja au mbili, kinachosafirishwa na nyaya zenye plagi nyekundu na nyeupe kutoka kwenye deki, king'amuzi au televisheni. Cha pili ni kiwango kikubwa kilichokwisha kukuzwa ili kuisukuma spika. Homu thieta inapotoa wati 50 kwenye spika ya omu 8, umeme unaopita katika waya huo hufikia volti 20.

Amplifaya imetengenezwa kupokea kiwango kidogo. Ikipewa volti 20 mahali inapotarajia volti moja au mbili, sauti huvurugika, na sehemu zake za kupokelea zaweza kuungua. Zaidi ya hayo, homu thieta nyingi za kisasa hazina waya hasi uliounganishwa na ardhi ya mashine; chanya na hasi zote mbili hubeba umeme wa sauti. Waya hasi wa aina hiyo ukiunganishwa na bodi ya amplifaya, ni sawa na kupiga shoti ndani ya homu thieta.

Njia zilizo salama

Njia bora huanzia nyuma ya risiva yenyewe. Risiva nyingi za daraja la kati na la juu zina matundu ya kutolea sauti ambayo haijakuzwa, yaliyoandikwa PRE OUT. Kutoka hapo nyaya za plagi nyekundu na nyeupe hupelekwa kwenye matundu ya kuingizia ya amplifaya, kisha spika za mbele, kulia na kushoto, huhamishiwa kwenye amplifaya hiyo. Spika ya katikati na za nyuma hubaki kwenye risiva, ambayo sasa imepunguziwa mzigo mzito kuliko yote.

Homu thieta za bei nafuu, zinazouzwa na spika zake ndani ya boksi moja, kwa kawaida hazina matundu hayo. Hapo sauti haichukuliwi kwenye homu thieta, bali kwenye chanzo chake: deki, king'amuzi au televisheni. Ikiwa televisheni ina tundu la sauti ya mwanga pekee, kifaa kidogo cha kuibadilisha sauti hiyo kuwa ya nyaya za kawaida humaliza kazi.

Jambo moja husahaulika. Katika sauti ya filamu yenye njia sita, maneno ya waigizaji kwa sehemu kubwa hupitia spika ya katikati. Anayechukua sauti ya kulia na kushoto pekee atasikia muziki na milipuko, lakini mazungumzo yatakuwa kwa mbali. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya risiva au deki na kuchagua stereo, au kueleza kuwa spika ya katikati haipo. Mashine yenyewe itayagawa maneno kwa spika mbili za mbele.

Kwa kibanda chenye msimulizi, maikrofoni haiunganishwi moja kwa moja na amplifaya, kwa kuwa umeme wake ni wa sehemu chache tu za elfu za volti. Maikrofoni na sauti ya filamu huingia kwanza kwenye miksa, na miksa ndiyo hulisha amplifaya.

Wati nyingi, sauti kidogo

Wanunuzi wengi huhesabu wati, lakini sikio halihesabu hivyo. Kutoka wati 50 hadi 100 sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti inayotambulika bila kustaajabisha. Ili sauti isikike kana kwamba imeongezeka maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 50 hadi 500.

Omu nazo zina hesabu yake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 4; zikiwa nne huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa kuwa kiwango chake cha chini ni omu 4 haipaswi kubebeshwa spika nne za namna hiyo. Itapata joto, itajizima, na mwishowe itaungua.

Kuna jingine linalowashangaza wengi: amplifaya dhaifu yaweza kuiunguza spika kubwa. Inapolazimishwa kupita uwezo wake, hukata ncha za mawimbi ya sauti, na nishati inayozaliwa hapo huziangukia spika ndogo za sauti nyembamba. Sauti inapoanza kukwaruza, ni wakati wa kuipunguza.

Umeme na ardhi

Amplifaya za mtumba kutoka Japani zinahitaji tahadhari ya pekee. Umeme wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120, ilhali Kenya na Uganda hutumia volti 240 na Tanzania 230. Kibandiko cha nyuma ya mashine kisomwe kabla ya kuichomeka. Ikiwa ni ya volti 100, itumike na transfoma ya kupunguza umeme, yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya.

Mngurumo mzito unaosikika hata filamu ikiwa imesimamishwa mara nyingi hutokana na vyombo kuwa na njia zaidi ya moja ya kwenda ardhini. Tiba ya kwanza ni kuvichomeka vyote kwenye soketi ya ukutani iliyo moja, kisha kujaribu kuuchomoa waya wa antena au wa dishi ili kubaini unakotokea. Kukata pini ya ardhi kwenye plagi si tiba: hitilafu ikitokea, bodi ya chuma ya amplifaya yaweza kumpiga mtu umeme, na kumuua.

Kazi yote ya kuunganisha hufanywa vyombo vikiwa vimezimwa na kuchomolewa. Wakati wa kuwasha, amplifaya huwa ya mwisho. Wakati wa kuzima, huwa ya kwanza, ili mshindo wa vyombo vingine usizifikie spika. Sauti huanzishwa chini kabisa na kupandishwa taratibu. Na fyuzi ikikatika, hubadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile, kamwe si kwa kipande cha waya: fyuzi inayokatika tena na tena inatoa habari kwamba ndani mna kasoro, na habari hiyo ni ya kupelekewa fundi.