Mkanda wa Taimingi Haupigi Hodi

Katika miji yetu yako magari mengi ambayo si ya fahari hata kidogo. Ni Corolla ya zamani ifanyayo kazi ya teksi, ni Hilux ipelekayo mboga sokoni alfajiri, ni Hiace ichukuayo watoto wa shule. Nyuma ya kila gari la namna hiyo iko nyumba inayokula kwa mapato yake, na siku gari lilalapo barabarani nyumba hiyo huamka na deni. Kwa sababu hiyo twapenda leo kusema juu ya kipande kimoja cha mpira kilichofichwa nyuma ya kifuniko cha injini, ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona kwa macho, na ambacho wengine sasa wameanza kukibadili wenyewe uani kwao. Twausema mkanda wa taimingi.

Kazi yake ni hii. Krankshafti, inayozungushwa na pistoni, sharti iende sawa na kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Wala haifai kuwahi au kuchelewa hata kwa jino moja. Zamani kazi hii ilifanywa na giya au mnyororo. Mkanda wa mpira wenye meno ulianza kuuzwa katika magari ya watu wa kawaida mwaka 1962, ndani ya gari la Kijerumani lililoitwa Glas 1004, na viwanda vingine vikafuata kwa kuwa mkanda ni mwepesi, hauna kelele wala hauhitaji oili. Walakini mpira huchoka, na uchokapo hautoi ukelele kama mnyororo uliolegea. Asubuhi injini huwaka vizuri, na adhuhuri huzima ghafula katikati ya mlima.

Litokealo baada ya hapo hutegemea injini yenyewe, na hili ndilo jambo tunalotaka kila ndugu alijue kabla hajagusa spana. Injini za petroli za Toyota za 4A-FE na 5A-FE, zilizomo katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, zimeundwa hivi kwamba mkanda ukikatika pistoni haizifikii valvu. Gari litazima, mwenyewe atavutwa kwa kamba huku akichekwa, lakini injini itabaki nzima. Injini za dizeli hazina huruma hiyo. Ndani yake nafasi ni ndogo mno, na mkanda ukikatika au ukiruka meno ya kutosha, pistoni huzigonga valvu zikapinda, na pengine kamshafti yenyewe ikavunjika. Gharama ya mkanda mmoja hugeuka kuwa gharama ya silinda hedi. Tena ziko injini zisizo na mkanda kabisa, kama 1NZ-FE iliyomo katika Vitz na IST nyingi, ambayo hutumia mnyororo. Mwenye gari hilo akiambiwa dukani kwamba mkanda wake wa taimingi umekwisha, yafaa aage kwa adabu aende zake.

Katika Toyota nyingi za dizeli iko taa ndogo yenye maandishi T-BELT, ambayo huwaka gari litimizapo kilomita 100,000. Ni taa njema, bali yahesabu kilomita peke yake. Haijui kama oili inavuja juu ya mkanda, wala haijui kwamba gari lilikaa miaka bandarini na katika yadi kabla ya kununuliwa, wala haiwezi kumzuia mtu aliyeirudisha nyuma saa ya kilomita ili apate bei. Anunuaye gari au injini ya mtumba asiyeonyeshwa hati ya matengenezo, ni salama ahesabu kwamba mkanda aliokuta umezeeka, auondoe.

Basi, je, kazi hii yafaa kufanywa nyumbani? Kwa injini kama 4A-FE twajibu kwamba yafaa, kwa mtu mwenye subira, vyombo kamili na kitabu cha injini ile. Nguvu za mikono si kitu kikubwa hapa. Kazi yote imo katika alama na katika mkazo.

Kwanza betri hufunguliwa, plagi hutolewa ili injini izunguke kwa wepesi, kisha krankshafti huzungushwa kwa mkono, kwa upande uleule injini inakozunguka, mpaka mkato wa puli yake ukabili alama ya sufuri. Puli ya kamshafti nayo ina tundu lenye herufi K, nalo sharti likabili alama yake. Lisipokabili, krankshafti huzungushwa mara moja zaidi. Mwenye busara huongeza alama zake mwenyewe kwa rangi nyeupe, maana alama za kiwandani huwa zimefunikwa na vumbi na grisi.

Hapo hufuata boliti ya puli ya krankshafti, na hapa hatuna budi kukemea. Baadhi ya watu huiegemeza spana kwenye chasisi kisha wakapiga stata, ili injini yenyewe iifungue boliti. Spana ikiteleza huruka kwa nguvu za injini nzima, na aliyesimama karibu hapati nafasi ya kukwepa. Chombo cha kuizuia puli huazimwa, jicho haliazimwi. Wakati wa kurudisha, boliti hiyo hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, niutoni-mita 118 kwa injini hii, wala si kwa kukisia.

Mkanda mpya haukunjwi, haugeuzwi ndani nje, haulazimishwi kwa bisibisi, wala haupakwi kitu chochote. Ukigoma kuingia, ni puli ya kukazia ambayo haikurudishwa nyuma vya kutosha. Na juu ya mkazo, wengi hukosea kwa wema: hudhani kadiri mkanda unavyokazwa ndivyo utakavyodumu, basi huisukuma puli kwa mtaimbo mpaka mkanda unalia kama zeze. Mkanda wa namna hiyo huua beringi za puli, na katika injini ambazo huzungusha pampu ya maji, huiua na pampu. Uliolegea nao hupiga kifuniko, na siku moja huruka jino. Mtengenezaji ameweka springi ili mkono wa mtu usiwe mwamuzi. Boliti ya puli hulegezwa, springi huachwa ivute, krankshafti huzungushwa polepole mizunguko miwili kamili, ndipo boliti hukazwa. Kisha mkanda hubonyezwa kwa nguvu ya kilo 2 hivi, nao kwa injini hii sharti ubonyee milimita 5 hadi 6. Kuna mafundi wapimao kwa kuupindua mkanda robo mzunguko kwa vidole viwili. Kipimo hicho chafaa kwa injini fulani, hakifai kwa zote.

Baada ya mizunguko ile miwili alama hutazamwa upya, zote. Ikiwa njiani krankshafti imekataa kuzunguka, mtu asiilazimishe, kwani yawezekana ni chuma kinachogusa chuma. Na mtu asijaribu kamwe kupima kazi yake kwa stata kabla ya kuizungusha injini kwa mkono.

Kwa mwenye dizeli shauri letu ni jingine. Mkanda wake aghalabu huzungusha pia pampu ya dizeli, basi alama huwa nyingi zaidi na adhabu ya kosa ni ile tuliyoitaja. Ampe kazi fundi aliyekwisha kuifanya, amlipe haki yake bila kumpunguzia mpaka fundi alazimike kuharakisha, naye asimame hapo atazame. Amwombe abadili pamoja na mkanda puli ya kukazia na sili za oili za mbele zikionyesha unyevu, kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua, na vitu hivyo viko palepale. Mkanda uliotolewa katika injini nyingine usikubaliwe hata ukitolewa bure.

Kifuniko kikisharudi, tarehe na kilomita huandikwa kwa wino usiofutika juu ya kipande cha plasta, hubandikwa chini ya boneti, mahali ambapo atakayelinunua gari baadaye ataviona.