Red Rum, farasi wa ufukweni
Mimi si mtu wa kamari, lakini mbio za Grand National za 1973 kule Aintree, Uingereza, nimezitazama kwenye video mara nyingi, na kila mara moyo wangu huwa kwa Crisp. Farasi huyo wa Australia aliwaacha wenzake mbali, akiruka vizuizi kana kwamba yuko peke yake uwanjani. Baada ya kizuizi cha mwisho, miguu ikaanza kumlegea. Anayumba, anapinda kushoto, na nyuma yake Red Rum anakuja mbio, kama mdai aliyesikia mshahara umetoka. Hatua chache kabla ya mstari, akampita. Na Crisp, tusisahau, alibeba uzito zaidi yake kwa kilo 10 hivi.

Lakini nani wa kumchukia Red Rum? Kwato zilikuwa zikimsumbua. Mkufunzi wake, Ginger McCain, muuza magari wa Southport, akamfanyisha mazoezi ufukweni, miguu ndani ya maji ya chumvi. Akashinda tena 1974 na 1977. Alipokufa 1995, akiwa na miaka 30, alizikwa Aintree, kando ya mstari wa kumalizia. Watu bado humpelekea maua.