Moyo Uliotengenezwa Hutunzwa

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha asubuhi.)

 

Katika ushirika wetu yuko mama mmoja ambaye kifua chake hulia kama saa. Kanisa linapotulia kwa maombi, anayeketi karibu naye husikia: tik, tik, tik. Watoto humwuliza, "Mama, umeficha saa wapi?" Naye hucheka. Hiyo si saa. Ni vali ya moyo iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, ikifunguka na kufunga. Leo napenda tufikiri juu ya mtu kama huyo. Atokapo hospitali, kupona kwake ni kazi gani? Na sisi jirani zake tuna sehemu gani katika kazi hiyo?

Kwanza tujue vali ni nini. Moyo una vyumba vinne, na vali zake nne ni kama milango. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu, damu ipite, kisha hufunga ili damu isirudi nyuma. Mlango ukiwa mwembamba, damu hukwama. Usipofunga vizuri, damu hurudi. Hapo mtu huhema akitembea kidogo tu, miguu huvimba, na usiku hawezi kulala mpaka aegemezwe kwa mito.

Katika nchi yetu, vali za vijana wengi huharibiwa na ugonjwa uanzao kooni. Mtoto huumwa koo kwa viini viitwavyo streptokoki. Koo hupona, lakini baada ya majuma mawili au matatu huja homa, na viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikirudi mara kwa mara, huacha makovu katika vali. Mama yetu alipatwa na hayo akiwa msichana wa shule. Alipofika miaka 30, hakuweza tena kupanda kilima na mtungi wa maji.

Madaktari huweza kuitengeneza vali iliyoharibika. Isipotengenezeka, huiondoa na kuweka nyingine. Mwaka 1960, katika mji wa Portland, Marekani, daktari Albert Starr aliweka katika moyo wa mtu vali aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Ilikuwa kijipira ndani ya kizimba kidogo. Siku hizi vali ni za namna mbili. Ziko za madini na kaboni ngumu, ambazo hudumu miaka mingi sana. Tena ziko zilizotengenezwa kwa nyama ya mwili wa nguruwe au ng'ombe, ambazo nyingi huchakaa katika miaka 10 hadi 15, na upesi zaidi kwa vijana. Hapa Kenya moyo hupasuliwa katika Hospitali ya Kenyatta na ya Mater huko Nairobi, na katika hospitali ya misheni ya Tenwek karibu na Bomet, pamoja na nyingine.

Basi mgonjwa amerudi nyumbani. Afanye nini?

Ili kuufikia moyo, daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua, kisha huufunga kwa waya. Mfupa huo huhitaji majuma 6 hadi 12 ili ushikane. Kwa hiyo katika majuma hayo mgonjwa hainui debe la maji, halimi, hafui mablanketi, habebi mtoto, wala haendeshi baiskeli. Kitu cha kuzidi kilo 4 au 5 ni kizito mno kwake. Akitaka kukohoa, akumbatie mto kifuani. Lakini asilale kutwa! Atembee kidogo kila siku: leo hadi mlangoni, kesho hadi barabarani, juma lijalo hadi kwa jirani.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni huzuni. Watu wengi baada ya kupasuliwa moyo hulia bila sababu, hukosa usingizi, na chakula huwachukiza. Huo si upungufu wa imani, wala si utovu wa shukrani. Mwili umepita katika jambo kubwa. Mara nyingi hali hii hupungua baada ya majuma machache. Isipopungua, daktari aambiwe.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Damu ikigusa vali ya madini hutaka kuganda. Donge la damu laweza kuizuia vali isifunguke, au kusafiri hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo mwenye vali hiyo hupewa dawa iitwayo warfarini, naye huimeza kila siku maisha yake yote. Kisha hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa hiyo hupata namba kama 1. Mwenye vali ya madini mara nyingi hutakiwa awe kati ya 2 na 3 na nusu, kwa kadiri ya vali yake, na daktari ndiye anayempangia. Namba ikishuka, damu huganda. Ikipanda mno, mtu hutokwa na damu.

Mama yetu aliporudi tulifanya ibada ya shukrani. Tuliimba, tukala, tukafurahi. Alikuwa na nguvu kuliko miaka yote iliyopita. Baada ya miezi minane, wenzake wawili wakamwambia, "Dada, kama Bwana amekuponya, vidonge hivi ni vya nini? Je, huamini?" Tena nauli ya kwenda kupimwa ilikuwa ngumu kupatikana. Akaviacha. Mimi nilikuwako siku ile, nikayasikia maneno yale, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana kama mtu asiye na imani.

Katika juma la tatu, asubuhi moja, kikombe kilimwanguka mkononi. Akataka kumwita mwanawe, na maneno hayakutoka. Donge la damu lilikuwa limefika kwenye ubongo. Namshukuru Mungu kwamba alifikishwa hospitali akiwa hai. Sasa anasema tena, lakini mkono wake wa kuume haujarudia nguvu zake. Yeye mwenyewe ameniomba niwaambieni habari hii, ili nisinyamaze mara ya pili.

Ndugu zangu, imani haipigani na kidonge. Paulo mtume alisafiri pamoja na Luka tabibu, wala hatusomi kwamba aliona haya. Yule aliyempa daktari akili ya kuitengeneza vali ndiye aliyewapa wengine akili ya kuipata dawa. Habari ya dawa hii ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa wakulima wa Marekani na Kanada walikula majani makavu ya malisho yaliyoingia ukungu, wakatokwa na damu hadi kufa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakatafuta kilichomo ndani ya majani yale, na katika kazi hiyo ikapatikana warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Katika miaka ya 1950 madaktari walianza kuwapa wagonjwa kwa kipimo kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dawa yako ni sumu ya panya, hakusema uongo, ila hajui habari yote. Kinachotofautisha ni kipimo. Ndiyo maana hupunguzi wala huongezi mwenyewe, na hukosi kwenda kupimwa.

Wengi huuliza, je, sukuma wiki ni marufuku? La. Sukuma wiki, mchicha na majani ya kunde yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Ule, lakini kwa kiasi kilekile juma kwa juma. Usile sufuria nzima leo kisha ukae mwezi mzima bila mboga. Dawa za miti shamba, aspirini na vidonge vya maumivu vya dukani usivitumie kabla ya kumwuliza daktari. Ukiona damu katika haja, au ukitokwa na damu puani isiyokoma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mkono ukilegea ghafula, au uso ukipinda, au ile sauti ya tik tik ikififia, nenda saa hiyohiyo.

Piga mswaki asubuhi na jioni, kwa maana viini vya kinywani huweza kuingia katika damu na kukaa juu ya vali. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kwamba una vali, akupe kwanza dawa ya kuzuia viini. Homa isiyoisha usiiite malaria tu bila kupimwa. Na wewe dada uliyeolewa, warfarini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Usiiache kwa hofu, bali zungumza na daktari kabla ya kuchukua mimba.

Sasa neno kwa ushirika. Sisi ni hodari wa harambee. Siku ya kupasuliwa tulileta fedha, mbuzi na kuku. Lakini je, nauli ya kwenda kupimwa damu mwezi huu nani ameitoa? Maji nani amemtekea katika majuma yale 12? Wageni 20 wakiketi chumbani mwake mpaka usiku, mgonjwa hupumzika saa ngapi? Mchango mdogo wa kila mwezi waweza kuokoa maisha kama ule mkubwa wa siku moja. Na mtoto wako akilia kwamba koo linamwuma na ana homa, mpeleke zahanati. Koo lililotibiwa mapema kwa penisilini laweza kumwepusha na njia hii yote ndefu.

Tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa mikono ya waganga na kwa uhai uliouongeza. Uwape wagonjwa wetu saburi ya kila siku. Utupe sisi ujasiri wa kusema yaliyo kweli wakati wa kuyasema, wala tusinyamaze. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Na kama kidonge cha leo bado hujakimeza, simama sasa ukakimeze.