Umetumwa kufungua tawi Uingereza? Jua haya kabla hujaaga

Bosi amekuita ofisini. Kampuni imeamua kufungua tawi London, na wewe ndiye utakayetangulia. Nyumbani ni shangwe. Mwenzi wako anaulizia shule za watoto, na shemeji ameshaulizia gari utaliuza bei gani.

Subiri kidogo. Viza utakayopewa ina mwisho wake, na mwisho huo hauzidi miaka miwili.

Zamani ilikuwaje?

Kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa na viza ya mwakilishi wa kampuni ya nje. Kampuni isiyo na ofisi huko ilituma mfanyakazi mmoja wa ngazi ya juu kwenda kuianzisha. Alipewa miaka mitatu, akaongezewa miwili, na baada ya miaka mitano aliweza kuomba makazi ya kudumu.

Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya tarehe 11 Aprili 2022. Waliokuwa nayo tayari waliruhusiwa kuendelea, lakini mwombaji mpya hapati. Kwa hiyo akitokea mtu anayekuambia anaweza kukutafutia viza ya "mwakilishi pekee" kwa malipo fulani, kaa chonjo. Anauza kitu ambacho hakipo tena.

Sasa hivi ni ipi?

Iliyochukua nafasi yake ni viza ya mfanyakazi wa upanuzi, inayojulikana kwa jina la UK Expansion Worker. Kazi ni ileile ya kwenda kuanzisha tawi. Masharti ndiyo yamebadilika sana.

Badiliko kubwa ni hili: zamani mfanyakazi aliomba bila kampuni kuwa na leseni yoyote Uingereza. Sasa kampuni lazima kwanza ipate leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, kisha ikupe cheti cha udhamini. Bila cheti hicho huna cha kuomba.

Kampuni inatakiwa nini?

Kwa kawaida iwe imefanya biashara nje ya Uingereza kwa angalau miaka mitatu. Iwe na alama fulani ya uwepo Uingereza, yaani imesajili kampuni huko au imepata jengo la ofisi. Lakini iwe bado haijaanza biashara yenyewe huko. Kama tawi limeshaanza kuuza, viza hii haifai tena na kampuni italazimika kutumia njia nyingine.

Chukua mfano wa kampuni ya kahawa ya Nairobi inayotaka ofisi London. Ikiwa msimamizi wa leseni bado yuko Nairobi, kampuni hupewa leseni ya awali yenye cheti kimoja tu, na cheti hicho ni chake yeye. Akishafika Uingereza, kampuni inaomba leseni kamili na ndipo inaweza kuleta wengine. Wote kwa pamoja hawazidi watano.

Na wewe je?

Kwanza, uwe umefanya kazi kwenye kampuni hiyo nje ya Uingereza kwa miezi 12 au zaidi. Anayelipwa kuanzia pauni 73,900 kwa mwaka anasamehewa sharti hili.

Pili, uwe meneja wa ngazi ya juu au mtaalamu. Karani au dereva wa kampuni hawezi kupita hapa, hata kama ndiye anayeaminika kuliko wote.

Tatu, mshahara. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kiwango cha chini ni pauni 52,500 kwa mwaka, au kiwango cha kawaida cha kazi yako huko Uingereza, kile kilicho juu zaidi. Hapa ndipo kampuni nyingi za kwetu hukwama. Mshahara mzuri wa Dar es Salaam au Nairobi ukiubadilisha kwa pauni unaweza kuonekana mdogo sana.

Kuna nafuu moja: hakuna mtihani wa Kiingereza kwa viza hii. Ila kwa waombaji wanaoishi Kenya na Tanzania kuna kipimo cha kifua kikuu, na lazima kifanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza.

Familia inaweza kwenda?

Ndiyo. Mwenzi na watoto wa chini ya miaka 18 wanaruhusiwa. Mwenzi anaweza kufanya kazi na watoto wanaweza kusoma shule za serikali. Wewe mwenyewe huruhusiwi kuwa na kazi ya pili.

Lakini piga hesabu. Mbali na ada ya viza, kuna ada ya huduma ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima na pauni 776 kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto wawili ni pauni 3,622 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni pauni 7,244. Hela ya kila kipindi cha viza inalipwa mapema, wakati wa kuomba kipindi hicho. Nani analipa, wewe au kampuni? Ulizeni kabla ya kusaini chochote.

Muda ukiisha?

Unapewa hadi miezi 12, kisha unaweza kuongezewa. Jumla haizidi miaka miwili. Na hata ukikaa miaka yote hiyo, haihesabiki kuelekea makazi ya kudumu. Saa yako haijaanza kusoma.

Ukitaka kubaki, inabidi kuhamia viza nyingine, kwa mfano ile ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kama unatimiza masharti yake. Hiyo inahitaji tawi liwe limesimama na kampuni iwe na leseni ya njia hiyo. Miaka ya kuelekea makazi inaanza kuhesabiwa hapo, si siku uliyoshuka Heathrow.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliulizi. Viza yako imefungwa kwenye kampuni. Kampuni ikinyang'anywa leseni au ikiamua kufunga tawi, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Watoto watakuwa katikati ya muhula, na nyumba mliyopanga ina mkataba wa mwaka. Siku 60 ni chache.

Muulize bosi haya

Leseni ya udhamini imeshatoka, au bado mnaiomba?
Mshahara utaandikwa kiasi gani kwenye cheti?
Ada za familia nani analipa?
Miaka miwili ikiisha, mpango ni kunihamishia viza nyingine au kunirudisha?
Nikirudi, nafasi yangu ya sasa ipo?

Majibu yapate kwa maandishi. Ahadi ya mdomo kwenye sherehe ya kukuaga haitakusaidia mbele ya afisa wa uhamiaji.

Ada na viwango vya mshahara hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, siku unayoomba. Na gari la familia? Shemeji asubiri kwanza.